Siku Niliyocheka Kisiwani Kilwa

Naandika hii kwa Kiswahili cha kwetu kwa sababu wasichana wawili ninaokaa nao hawawezi kukisoma. Mumoja anakisema, kile cha kununulia samaki. Mwingine anajua "bei gani" na "punguza", basi. Daftari langu linalala wazi juu ya godoro, na ndani yake nimewaita majina ambayo mbele yao siwezi hata kuyafikiri, maana mimi ni mutu wa haya. Mwalimu akiniuliza swali, jibu linafika mpaka kwenye meno halafu linarudi.

Tunapanga chumba kimoja Nchelenge, karibu na shule yetu ya sekondari. Wao ni wa Zambia. Mimi nimetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Nkambo yangu, mama wa mama yangu, ndiye aliyenituma huku shule ya kwetu ilipobaki na mwalimu mumoja kwa madarasa manne. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mugongoni. Siku ya kuondoka hakunishika mukono, alinishika sikio, akasema, "Enda ukajifunze matusi ya Kiingereza, urudi unifundishe. Haya ya kwetu nimeyamaliza."

Mwezi wa tisa mutu wa bwato aliniletea neno kutoka kwa mujomba wangu: nkambo amelala, miguu imevimba, bukari, ugali wetu, hali tena, anakunywa uji tu. Nikaenda kuomba ruhusa shuleni. Wakasema nilete barua ya muzazi. Barua ningeitoa wapi, na muzazi mwenyewe ndiye mugonjwa? Wiki mbili zikapita bila neno lingine. Kila asubuhi nilikuwa najiuliza kama na yeye ameamka. Jirani alikuwa anakausha samaki kwa moshi, na harufu ile ikiingia dirishani nasukuma sahani, sili. Watu wanasema kukumbuka kwenu ni kitu cha moyo. Kwangu kilikaa tumboni, na kilikuwa kizito.

Ndipo yule anayejua Kiswahili cha samaki akaniambia, "Jumamosi tunaenda kwetu. Kuya na sisi."

Kwao ni kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani, si cha pwani. Kisiwa ni cha Zambia, lakini kivuko cha kijiji chao kinatazama Congo, na rezo, mutandao wa simu za Congo, inakamata pale pale kwenye muchanga. Mabwato ya kwetu yanafika kila siku kwa biashara.

"Utapiga simu ku nyumba," akasema, "utasikia nkambo yako iko namna gani. Ukisikia iko mubaya, unapanda bwato, unavuka. Mwalimu atakufanya nini?"

Nilimushukuru mpaka yeye mwenyewe akaona haya. Nikatoa laini yangu ya Congo ndani ya kifuniko cha daftari, nilikoificha tangu mwezi wa kwanza, nikaifuta kwa sketi kama mutu anayefuta sarafu.

Lazima niseme habari ya utani, la sivyo mambo mengine hayataeleweka. Kwenye pande zote mbili za ziwa tuna koo zile zile, na ukoo unafuata mama. Mimi ni wa ukoo wa Udongo, huyu aliyenialika ni wa ukoo wa Mvua. Mvua na Udongo ni watani tangu zamani. Mutani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, akachukua nyama kwenye sahani yako, akamucheka maiti wako matangani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, kosa ni lako, unalipa kuku. Juma la kwanza la shule, wakati sikuwa na hata mutu mumoja wa kuongea naye, alinisikia nikitaja ukoo wangu akaruka juu: "Udongo! Mayo, mutani wangu!" Akanikumbatia. Nililia kwa furaha. Katika vitu vyote nilivyovuka navyo, ni ukoo tu uliokuwa na maana huku.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na ruhusa.

"Udongo, sogea, mvua imefika." "Udongo wa Congo haushikani, ndiyo maana munamwagika huku kwetu." Nilipojisahau wakati wa kuita majina darasani nikaitika "prezan", "nipo" ya Kifaransa, kama kwetu, yeye ndiye aliyeanza kicheko, na kwa mwezi muzima darasa lote lilinisalimu hivyo. Nkambo yangu angemujibu. Nkambo akitaniana sokoni watu wanaacha kununua ili wasikilize. Mimi majibu yangu yalikuwa yanakuja saa mbili baadaye, nikiosha vyombo peke yangu. Na yule wa tatu wetu, murefu, alikuwa anacheka hata pale asipoelewa neno, akiinua simu yake kupiga video.

Jumamosi asubuhi tulipanda bwato la moteri, tukakaa juu ya magunia ya unga na kreti za soda. Mutani wangu akamuambia mwenye bwato kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Huyu Udongo mumuweke katikati. Akilowa anayeyuka, tutafika na matope."

Watu wakacheka. Mama mumoja mwenye mutoto mapajani akasema, "Kumbe ni watani! Muzuri." Na mimi nikacheka. Nilikuwa natazama mbele, kisiwa kikikua, na nyuma yake mustari wa bluu uliofifia, milima ya kwetu. Nilikuwa sijaiona tangu mwezi wa kwanza. Nilitazama mpaka macho yakatoa maji, na nikasema ni upepo.

Mama wa mutani wangu alitupokea vizuri. Alitupa bukari, samaki mubichi na majani ya muhogo, akaniambia, "Kula, mwanangu. Nyinyi munaita sombe, sisi tunaita katapa, majani ni yale yale." Nilimeza matonge matatu. Nilitaka simu.

Simu ilikuwa ya murefu. Tulishuka kwenye kivuko. Wanawake walikuwa wametandaza chisense, wale samaki wadogo wa kuanika, muchanga wote umekuwa mweupe mpaka unaumiza macho. Murefu akaweka laini yangu, lakini rezo ilikuwa inakuja na kukatika. Mutani wangu akamunyang'anya.

"Lete. Miye najua pahali. Lazima kupanda ku lile jiwe."

Nikamutajia namba ya mujomba. Akaenda mpaka kwenye jiwe, hatua kama mia moja, akatupa mugongo. Nilimuona akiweka simu sikioni. Nilimuona akitikisa kichwa. Alikaa kule muda murefu. Kisha akarudi polepole akiburuza miguu, akamurudishia murefu simu, akaweka mikono miwili juu ya kichwa kama wanavyofanya wanawake wakitoka kwenye kilio.

"Udongo," akasema kwa sauti ndogo. "Keti kwanza."

Sikuketi.

"Wamemuzika Jumatano."

Sijui nililia namna gani. Murefu anasema nililia kama mbuzi anayeshikwa shingo. Nilianguka juu ya chisense za watu, mwenye chisense akapiga kelele, mudomo wangu ukajaa muchanga na magamba, na nilikuwa naita, "Nkambo, nilikuwa nakuja, nilikuwa nakuja." Halafu nikasikia sauti ambayo haikuwa ya kilio. Mutani wangu alikuwa amejishika mbavu.

"Awe! Muangalie Udongo! Hata mujomba sijamupata! Laini yako imekufa, wanasema namba hii haiko tena. Nani amemuzika nkambo yako? Labda weye!"

Mama wa chisense akauliza wenzake, "Ni mutani wake?" Wakamuambia ndiyo. Basi uso wake ukalegea, akacheka na yeye, akaanza kuokota samaki wake.

Kwetu utani una mupaka. Maiti unaweza kumucheka, ameshaondoka, haumii. Mugonjwa hapana. Mutu bado anapumua hamutaniwi kifo, ni kama kumuita. Nilitaka kusema hivyo. Nilisimama na chisense kwenye nywele, nikasema, "Hiyo si... kwetu hiyo..."

"Kwetu, kwetu," akaniiga. "Umekasirika? Lipa kuku!"

Murefu, aliyekuwa amepiga video kilio changu chote, akairudisha mwanzo akaifungulia sauti. Watoto walikuja kutazama. Walikuwa wanaangalia simu, halafu mimi, halafu simu. Nikaapa ndani ya tumbo langu kwamba hawa watu hawatanipata mara ya pili.

Tulibaki pale pale kwenye muchanga. Saa kumi hivi, bwato la kwetu lilikuwa limemaliza kupakua sabuni, na mwanaume mumoja akaonekana akiongea na wale wanawake wa chisense. Wakamuonyesha mimi kwa kidole. Akaja, suruali imekunjwa mpaka magotini, kofia ameishika mukononi.

"Ni weye mutoto wa Congo anasoma ku Nchelenge?"

Mutani wangu akajibu kabla yangu. "Ni yeye. Unataka kumuoa?"

Yule hakucheka. Aliniangalia mimi tu. "Mujomba yako ndiye alinituma. Kesho nilikuwa naenda mpaka Nchelenge kukutafuta. Bon, Mungu ameturahisishia. Nkambo yako anakuita. Anasema hatafunga macho bila kukuona. Hali kitu, haongei mingi, jina yako tu. Narudisha bwato sasa hivi, kabla ya upepo. Kuya tuende."

Nilimugeukia mutani wangu. Mudomo wake ulikuwa bado na mabaki ya kicheko pembeni, kama mafuta. Murefu alikuwa ameinua simu. Nikaona wazi kila kitu: wale walionionyesha kidole ndio wale wale waliocheka, na mutu wa kusema uongo kwenye kivuko anapatikana kwa soda moja.

"Amekupa nini?" nikamuuliza yule mwanaume.

"Nani?"

"Huyu Mvua. Amekupa nini useme hivyo?"

"Miye sijamutuma," mutani wangu akasema.

"Apa."

"Kwa Mungu, sijamutuma. Udongo, sikiliza, huyu mutu miye simujui."

Lakini hata mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo hivyo hivyo. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Zambia kucheka kwa sauti kubwa mbele ya watu. Na jibu, lile linalochelewa siku zote, likaja lenyewe likiwa moto:

"Muambie nkambo, kama ni kufa afe tu! Miye niko natembea na marafiki!"

Kivuko kizima kikacheka. Wanawake walipiga makofi, mumoja akasema, "Udongo ameamuka!" Murefu, ambaye hakuelewa neno, alicheka mpaka simu ikatikisika. Siwezi kuficha: ilikuwa tamu. Niliisikia mpaka kwenye vidole.

Yule mwanaume akavaa kofia yake. "Bon," akasema. "Miye nimefikisha." Akageuka, akapiga hatua mbili, akasimama, akaniita kwa jina. Si jina la shule. Ni lile la nyumbani, ambalo nkambo alinipa nilipokuwa natambaa. Sijamuambia mutu yeyote huku, hata katika daftari hili sijaliandika. Alilisema mara moja tu, akangoja kidogo.

Hapo nilijua.

Nilijua, na nilikaa. Bwato halikuondoka mara moja. Walilisukuma, moteri ikakataa, mutu akavuta kamba mara nne, mara tano. Nilikuwa na muda wa kwenda kwa kutembea, hata kukimbia hakukuhitajika. Lakini kusimama kungekuwa kusema mbele ya wote kwamba hiki ni kifo cha kweli na mimi nimekicheka, halafu nilie tena, na simu ya murefu ilikuwa bado juu. Nikachora mistari kwenye muchanga kwa kidole cha muguu.

"Enda," mutani wangu akaniambia polepole, bila utani.

"Enda weye," nikamujibu.

Moteri ikawaka.

Jioni mama wa mutani wangu aliuliza yule mutu wa Congo alitaka nini. Aliniwekea bukari, na mimi nilikula sahani nzima mpaka nikalamba mukono, ili waone kwamba sina neno.

Jumapili upepo ulifunga ziwa upande wa kwetu. Nilikwenda kwenye kivuko wakati kanisa linaanza kuimba, nikakaa mpaka watu wakatoka na viti vyao. Kila mwenye bwato niliyemuomba anivushe alinionyesha mawimbi kwa kidevu. Mumoja alisema, "Jana hapakuwa na upepo. Jana ulikuwa wapi?" Muchana bwato kubwa la Nchelenge likafika, lile lenye uzito wa kukata maji, tukapanda. Mutani wangu alikaa mbele, akinipa mugongo. Hakusema hata neno moja juu ya matope.

Alhamisi mujomba alifika shuleni amenyoa kichwa. Nilipokiona kichwa sikuhitaji kuuliza. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, na akaeleza kwa sauti ya mutu anayesoma tangazo. Nkambo alikufa Jumapili. Wamemuzika Jumanne, kabla ya hapo walikuwa wanangoja upepo utulie, labda nitafika.

Kwetu mutu aliyetumwa anarudisha neno kama lilivyotoka, mbele ya aliyelingoja, bila kupunguza wala kulainisha. Yule mwanaume alikuwa mujumbe wa kweli. Jumamosi ile ile aliingia chumbani kwa nkambo, akapiga goti, akasema yote. Walikuwa wamemuwekea nkambo mito miwili mugongoni ili akae akitazama mulango.

"Akauliza, 'Alisema hivyo akicheka?'" mujomba aliniambia. "Yule akajibu, 'Akicheka, mama.' Basi nkambo yako akasema, 'Toeni mito. Munilaze.'"

Nilingoja aseme lingine. Kwamba nkambo alielewa ni utani. Kwamba yeye, bingwa wa utani, alitabasamu hata kidogo. Mujomba alikuwa anafungua mufuko wa plastiki, akatoa kipande cha kitambaa cheusi cha kufunga mukononi, akanipa.

"Hakusema tena," akaniambia. "Nilikuwa pale mpaka mwisho."

Nikamuuliza kama naweza kurudi naye.

"Kufanya nini?" akasema, akasimama kutafuta bwato.

Sasa, kwenye kilio mutani ana kazi yake. Anachota maji, anapika, anafua nguo za mufiwa, na anamutania mpaka acheke. Siku mufiwa akicheka, kazi imekwisha, mutani amefunguliwa. Kwa kawaida ni siku mbili, tatu. Mufiwa muzuri anacheka mapema, hata kwa kujilazimisha, kwa kumuhurumia mutani wake.

Mutani wangu alianza siku ile ile mujomba alipoondoka. Hakuna aliyemuambia. Alichukua simu ya murefu akafuta video zote mbili, akatoka na ndoo, akapika, akaniwekea mbele. Halafu akasimama, mikono nyuma, akitafuta neno.

"Udongo mukubwa umerudi ku udongo," akasema, "na huyu mudogo anakula bure."

Sikucheka.

Ni wiki tano sasa. Anaamka kabla yangu, anapanga foleni kwenye bomba, anafua mpaka soksi zangu. Anasinzia darasani, na mwalimu wa hesabu alimuuliza kama ni mugonjwa. Murefu alinivuta pembeni akaniambia kwa Kiingereza kwamba imetosha, hata yeye anaona huruma. Nikajifanya sielewi Kiingereza. Mutani wangu mwenyewe hajaniomba hata siku moja, kwa sababu kazi hii haiombewi. Anatania tu. Mwanzoni utani wake ulikuwa mubovu, wa woga. Siku hizi umekuwa muzuri kuliko wa zamani. Nafikiri anautengeneza kutwa nzima, akitembea na ndoo.

Jana alisimama mulangoni, maji yamemumwagikia mpaka kiunoni, akasema ukoo wa Mvua umekaa baraza na wazee wameamua wote wahamie jangwani. "Kule hakuna Udongo," akasema, "kuna muchanga tu, na muchanga hauna kiburi."

Kicheko kilinipanda mpaka kwenye pua. Niliuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu. Kisha nikamuambia maji yangu ya kuoga yamepoa, ayarudishe kwenye moto.